Mwavuli Huuzwa Jua Likiwaka: Mwongozo wa Kununua Bidhaa za Msimu

Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote mjini Mombasa. Maji hujaa barabarani, matatu huzima katikati ya dimbwi, na abiria hushuka viatu vikiwa mkononi. Ni mwezi huohuo ambapo mama anayeingia supamaketi kutafuta mwavuli huambiwa na mhudumu, kwa upole kabisa: "Imekwisha, mama. Jaribu tena mwezi wa kumi." Pale miavuli ilipokuwa imepangwa mwezi wa tatu, jua likichoma utosi, sasa pana mablanketi mazito na sweta za sufu. Hapo ni Mombasa, mji ambao hata usiku wa Julai watu wengi hulala na shuka moja.

Kero hii ina sura nyingi. Nyimbo za Krismasi huanza kupigwa madukani Novemba, lakini anayetafuta taa za mti tarehe 23 Desemba huambulia maboksi yaliyochanika. Tende hufurika kabla ya Ramadhani, na kufikia kumi la mwisho zimebaki zilizopondeka. Masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni hutoweka Januari, wiki ileile mzazi aliyechelewa kulipwa anapopata pesa mkononi.

Mteja hudhani duka limezembea. Halikuzembea. Duka lina kalenda yake, na kalenda hiyo haifuati mawingu wala kuandama kwa mwezi. Inafuata meli, deni na nafasi ya rafu. Mwongozo huu unaeleza kalenda hiyo inavyofanya kazi, kisha unaonyesha namna ya kununua bila kuburuzwa nayo.

Kwa nini rafu haikungoji

Sukari, unga na sabuni huagizwa kila mara. Mashine ya kaunta inarekodi kila kinachouzwa, stoo ikipungua oda inatumwa, na lori linaleta mzigo. Bidhaa za msimu haziendi hivyo. Hizi huagizwa mara moja.

Chukua miavuli na mapambo ya Krismasi. Karibu yote hutoka China, na mapambo hasa hutoka Yiwu, mji wa mkoa wa Zhejiang unaojulikana duniani kote kwa biashara hiyo. Ofisa wa manunuzi hutazama mauzo ya mwaka uliopita, anapunguza kidogo kwa hofu, anatuma oda. Kiwanda kinachukua mwezi mmoja au miwili. Meli inachukua karibu mwezi, wakati mwingine zaidi, kufika Mombasa au Dar es Salaam. Kisha kuna ukaguzi wa viwango, ushuru, treni ya mizigo au lori, ghala, na mwishowe tawi. Miezi mitatu hadi mitano imekwenda. Kwa hiyo mapambo ya Desemba huamuliwa katikati ya mwaka, na miavuli ya masika huamuliwa kabla ya Krismasi, wakati bado hakuna anayeweza kusema kwa uhakika masika yatakuwaje. Juu ya hayo, Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari, hufunga viwanda kwa wiki kadhaa. Oda iliyochelewa kidogo tu hukwama hapo, na mzigo hutua bandarini masika yakiwa yanaaga.

Sababu ya pili ni hofu. Mwavuli uliokosekana Mei unalinyima duka faida ya mwavuli mmoja. Mwavuli uliobaki Juni unakalia pesa na nafasi ya stoo mpaka Oktoba. Kati ya hasara hizo mbili, maduka mengi huchagua ile ya kwanza, yaani huagiza pungufu kwa makusudi. Mteja akiona rafu tupu huona uzembe. Mhasibu akiiona rafu hiyohiyo huona kazi nzuri.

Kisha nafasi yenyewe. Rafu ya mwisho wa njia, ile inayotazama kaunta, ndiyo yenye thamani kuliko zote, na wasambazaji hugharamia bidhaa zao zikae hapo. Rafu hiyo hailali hata siku moja. Nchini Kenya shule hufunguliwa mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo mapambo ya Krismasi lazima yaondoke mara tu sikukuu inapopita ili madaftari na ndoo zipate pa kukaa. Kwa kuwa msimu hauwezi kurefushwa mbele, huvutwa nyuma. Ndiyo maana Krismasi huanza Novemba, au hata Oktoba mwishoni.

Na hapa ndipo mnunuzi wa pwani anapokerwa kuliko wengine. Minyororo mikubwa ya supamaketi mara nyingi hupanga rafu zake kutoka makao makuu, kwa ramani moja ya matawi mengi. Nairobi mvua za masika hufikia kilele Aprili, na Juni baridi inaingia. Ramani inasema Mei toa miavuli, weka sweta. Tawi la Mombasa linatii, hali huko Mei ndipo mvua inapofikia kilele chake. Haki isemwe: baadhi ya sweta hizo hununuliwa na wazazi wa pwani wenye watoto katika shule za bweni za Limuru na Nyahururu. Lakini mtoto wa Nyahururu hamkaushi mama yake aliyeloa Likoni.

Pwani si ngeni kwa bidhaa zinazokuja kwa ratiba. Kwa karne nyingi majahazi yaliteremka kutoka Oman na Ghuba kwa upepo wa kaskazi, kuanzia karibu Desemba, yakileta tende, kisha yakarudi na kusi kuanzia Aprili yakiwa yamebeba boriti za mikoko. Wanunuzi wa Lamu, Mombasa na Unguja waliujua upepo, wakajua lini tende ni tele na lini ni adimu. Ratiba ya supamaketi nayo inaweza kujulikana, ila haitangazwi.

Cha nje na cha hapa

Kabla ya hatua yoyote, jifunze kutenganisha vitu viwili, maana nusu ya hasara hutokana na kuvichanganya.

Kitu kinachotengenezwa nchini kikiisha leo hurudi baada ya siku chache. Madaftari ya Kasuku hutengenezwa Nairobi. Viatu vya shule vya Bata hutoka kiwandani Limuru. Anayepigana vikumbo tarehe 3 Januari kwa ajili ya madaftari anajichosha bure; kilicho cha haraka kwenye viatu ni saizi tu, kwa sababu saizi za kawaida ndizo huisha kwanza.

Kitu kilichokuja kwa meli kikiisha, kimeisha mpaka msimu ujao. Hicho ndicho cha kuwahi.

Ukiwa mbele ya rafu na hujui kipi ni kipi, geuza pakiti usome kilipotengenezwa. Ni sekunde tano tu.

SANDUKU: Kalenda ya rafu

Haya ndiyo mazoea ya maduka mengi ya Kenya, na kwa kiasi kikubwa ya Tanzania. Tawi lako linaweza kutangulia au kuchelewa kwa wiki moja au mbili.

• *Miavuli, makoti na mabuti ya mvua.* Hutokea rafuni Februari mwishoni hadi Machi, na tena Septemba hadi Oktoba. Nunua wiki zinapotokea. Mabaki hupunguzwa bei Juni na Januari.

• *Sweta, mablanketi, hita.* Hutokea Mei. Baridi ya Nairobi na nyanda za juu hukaza Julai. Mabaki hupatikana Septemba.

• *Feni.* Hutokea Novemba, joto la kaskazi linapokaribia. Nunua Juni au Julai, kusi likivuma na hakuna anayeiulizia.

• *Vifaa vya shule.* Hutokea baada tu ya Krismasi, kisha kwa kiasi kidogo kabla ya muhula wa pili na wa tatu. Tanzania, Julai nayo ni msimu, hasa kwa wanaoingia Kidato cha Tano. Sanduku, shuka na ndoo nunua Novemba.

• *Mapambo na taa za Krismasi.* Hutokea Oktoba mwishoni au Novemba. Kwa ajili ya mwaka ujao, nunua kuanzia 26 Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari.

• *Tende.* Hujaa wiki tatu au nne kabla ya Ramadhani. Mavuno ya Ghuba ni takriban Agosti hadi Oktoba, hivyo mzigo mpya huanza kufika mwisho wa mwaka. Kwa Ramadhani ya Februari, Desemba ni mwezi mzuri wa kununua.

Ramadhani inahitaji neno la ziada. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo mwezi mtukufu hurudi nyuma kila mwaka. Mashine ya kaunta inakumbuka wiki ya mwaka jana. Isiporekebishwa na mtu anayejua, tende huletwa kwa kuchelewa. Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima ziliingia katika siku zilezile za katikati ya Februari, mara tu baada ya Siku ya Wapendanao tarehe 14. Maua mekundu, chokoleti, tende na samaki vyote viligombea macho ya mteja ndani ya wiki moja. Na kwa hesabu za falaki, mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili: mwanzoni mwa Januari, katikati ya heka heka za kufungua shule, na tena mwishoni mwa Desemba, siku za Krismasi. Anayefunga na ana watoto wa shule aanze mapema kufikiria Novemba ya 2029.

Hatua kwa hatua

1. Tengeneza kalenda yako. Daftari la kawaida linatosha. Kwa kila kitu andika siku utakayokihitaji, rudi nyuma wiki sita, uweke alama hapo. Hiyo ndiyo siku ya kuanza kupita dukani kutazama. Tarehe za mihula hutangazwa mapema na wizara za elimu. Usingoje tangazo la duka.

2. Gawa orodha. Cha nje upande mmoja, cha hapa upande wa pili. Kisha vitie alama vinavyoharibika. Mwavuli unangoja kabatini miaka miwili. Keki ya sikukuu haingoji. Ukishagawa utaona kwamba vitu vya kuwahi kwa kweli ni vichache, pengine vitano au sita kwa mwaka mzima, na mfuko utapumua.

3. Fuata watabiri wa hali ya hewa. ICPAC, kituo cha kikanda cha utabiri kilichoko Kenya, hutoa mwelekeo wa masika kila Januari au Februari, na wa vuli kila Agosti. Baada yake idara ya hali ya hewa ya Kenya na mamlaka ya Tanzania, TMA, hutoa taarifa za nchi zao. Mwaka 2023 onyo la El Niño lilitolewa Agosti na Septemba. Mvua kubwa zilikuja Oktoba, na Novemba mafuriko yakatapakaa kutoka pwani hadi kaskazini mashariki ya Kenya. Kulikuwa na wiki kadhaa za kununua mabuti kabla ya wengine kuamka. Redio ikitaja mvua zaidi ya wastani, nenda dukani wikendi hiyo. Ofisa wa manunuzi hana njia ya kuongeza oda yake kwa wakati, hata kama taarifa hiyo ameisikia siku moja na wewe.

4. Rekodi bei. Piga picha kibandiko cha bei bidhaa inapotokea mara ya kwanza. Simu itahifadhi tarehe yenyewe. Ofa ikija, utakuwa na cha kulinganisha. Na linganisha kwa kilo, si kwa boksi. Tuseme tende za gramu 400 ni shilingi 320 na boksi la kilo moja ni shilingi 850 lenye kibandiko chekundu cha "ofa". Boksi dogo ni shilingi 800 kwa kilo. Ofa imekula shilingi 50 zako.

5. Uliza swali linalojibika. "Mtaleta lini?" humfanya mhudumu abahatishe ili asikuudhi. Jaribu hivi: "Samahani kaka, hii ndiyo oda yote ya msimu, au kuna nyingine stoo?" Msimamizi wa kitengo anajua jibu. Mtafute asubuhi ya siku ya kazi, si Jumamosi saa kumi jioni akiwa amezungukwa. Muulize pia wanapunguza bei lini. Wengi watakwambia bila kinyongo, kwa kuwa wao wenyewe wanataka mzigo uondoke rafuni.

6. Weka pesa kabla ya msimu. Mabaki ya bei nafuu kuliko yote hupatikana Januari, mwezi ambao Wakenya huuita Njaanuari, kwa hiyo ofa nzuri hukuta mifuko mitupu. Chama kinachogawana Desemba kinaweza kukubaliana kubakiza sehemu ndogo ya mgao hadi wiki ya kwanza ya Januari. Asiye na chama anaweza kufunga akiba kwenye simu kwa tarehe maalumu. Kiasi kidogo kinatosha. Mapambo na taa baada ya sikukuu mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa.

Kukagua kabla ya kulipa

Kununua mapema kuna hatari yake: ukigundua kasoro baada ya miezi mitatu, muda wa kurudisha umepita. Kwa hiyo kagua dukani, tena kwa makini kuliko kawaida.

Mwavuli ufungue palepale. Hesabu mbavu, nane ni kawaida, kumi ni afadhali. Shika mpini kwa mkono mmoja na kilele kwa mwingine, utikise kidogo. Ukisikia unacheza kwenye kiungo cha katikati, urudishe, kwa sababu upepo wa kwanza wa pwani utaupindua. Kisha tazama pale kitambaa kinaposhikana na ncha ya kila ubavu. Pakiwa na nyuzi mbili tatu zilizolegea, hapo ndipo utakapochanika. Mbavu za faiba hupinda na kurudi. Za chuma chembamba hupinda na kubaki hivyohivyo. Mwisho, ufunge na kuufungua mara tatu. Springi mbovu hujionyesha mara ya pili.

Tende nazo zina lugha yake. Ungaunga mweupe juu ya ganda mara nyingi ni sukari iliyojitokeza, na haina ubaya. Vitundu vidogo na vumbi la kahawia chini ya boksi ni wadudu. Harufu ya uchachu ni ishara kwamba zimeanza kuvunda, hata kama tarehe ya mwisho wa matumizi bado iko mbali. Boksi lenye dirisha la plastiki ni bora kuliko lililofungwa kote, na ukishafika nalo nyumbani liweke kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, mahali pasipo na joto.

Taa za Krismasi omba zijaribiwe kwenye kaunta ya huduma kwa wateja. Angalia plagi iwe ya meno matatu ya mstatili, na alama ya ubora ya KEBS (Kenya) au TBS (Tanzania) iwepo. Waya mwembamba wenye plagi ya meno mawili na adapta ya kubahatisha umewahi kuanzisha zaidi ya ugomvi wa familia.

ONYO

Bei iliyopandishwa ili ishushwe. Wiki moja kabla ya Black Friday, ambayo ni Ijumaa ya mwisho au karibu ya mwisho ya Novemba, baadhi ya bei hupanda kimyakimya. Picha yako ya hatua ya nne ndiyo ushahidi.

Hampa za sikukuu. Kapu limefungwa kwa karatasi inayong'aa na utepe, na ndani yake huweza kufichwa biskuti zinazokaribia mwisho wa muda wake. Soma tarehe ya kila kitu kilicho ndani, kisha jumlisha bei zake rafuni. Mara nyingi utepe ndio kitu ghali kuliko vyote.

Vocha na pointi. Zitumie mapema. Nakumatt, iliyokuwa mnyororo mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Duka linapoanguka, mwenye vocha hupanga foleni nyuma ya mabenki.

Rafu tupu inayosema jambo jingine. Kisa hichohicho kina funzo kwa anayesubiri bidhaa za msimu. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa tupu, na haikuwa kwa sababu ya kalenda mbaya. Wasambazaji walikuwa hawajalipwa, wakaacha kuleta. Minyororo ya Uchumi na Tuskys ilipitia hali hiyohiyo, Uchumi kabla yake na Tuskys baada yake. Ukiona duka halina miavuli, hiyo ni kawaida. Ukiona halina miavuli, wala maziwa, wala mafuta ya kupikia, na rafu ndefu imejazwa chupa za maji za aina moja, usingoje mzigo mpya hapo, na usiache pesa zako katika kadi yake.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

Kununua kwa sababu kimetokea. Duka huweka mapambo Novemba ili uyaone mara nyingi, si kwa sababu yatakuharibikia ukingoja. Kama tayari unayo ya mwaka jana, pita.

Kununua sare au viatu vya mtoto miezi mitatu mapema kwa kipimo cha leo. Mtoto anakua. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kiatu, au ngoja wiki mbili za mwisho. Viatu vya shule ni bidhaa ya hapa.

Kujaza kabati kwa mabaki ya chakula. Mabaki ya mapambo ni akiba, lakini mabaki ya chokoleti Januari, kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, ni uji mtamu ndani ya karatasi.

Kudhani supamaketi ndiyo soko. Hili ndilo kosa kubwa, na linahitaji sehemu yake.

Ukishachelewa

Anza na simu. Uliza tawi jingine la duka hilohilo, hasa lililo mtaa wenye wateja tofauti. Miavuli iliyoisha katikati ya mji inaweza kuwa imelala tawi la pembezoni, na mabaki ya Nairobi wakati mwingine huwa yamejaa ghala wakati Mombasa inayatafuta. Mwombe msimamizi atazame kwenye mfumo. Wengi wana uwezo huo.

Kisha nenda kwa wafanyabiashara wadogo. Wanaoagiza kwa kugawana kontena, kama wengi wa Eastleigh, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, hawaleti mzigo mmoja kwa msimu mzima. Huleta kidogo kidogo, kwa tarehe zinazotofautiana, kwa hiyo duka moja likiishiwa jirani yake ndiyo kwanza anafungua marobota. Mombasa, zunguka Marikiti na Kongowea. Unguja, Darajani. Bei itahitaji mdomo, risiti utaiomba wewe, na kurudisha kitu kibovu kutategemea ulivyoagana na muuzaji. Andika jina la duka na namba yake.

Sanduku la bati lisikutoe jasho hata kidogo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hugonga masanduku hayo mwaka mzima. Unachagua ukubwa na unene, unaomba bawaba mbili badala ya moja, na jina la mwanafunzi linapakwa rangi ukisubiri. Kagua pembe kwa kupitisha kitambaa, si kidole. Kikinasa, mwambie fundi apige tena. Angalia pia kitasa kinakubali kufuli ulilo nalo, maana kufuli la bweni ndilo kitu cha kwanza mtoto atakachokipigia simu.

Kwa msomaji aliyeko Uingereza au kwingineko Ulaya, kalenda hii ni kali zaidi. Mwanafunzi anayetua huko Januari hukuta makoti yamebaki saizi ndogo sana na kubwa sana, na madirisha ya maduka yamekwishageukia nguo za majira ya kuchipua, ilhali theluji inaweza kumngojea Februari. Mayai ya chokoleti ya Pasaka hupangwa Krismasi ikiwa haijapoa, na sare za shule huonekana Julai. Koti la baridi litafutwe Septemba au Oktoba, au katika maduka ya mitumba ya misaada, ambayo huuza kilichotolewa wiki hiyo bila kujali msimu.

Pa kulalamika, na namna

Tenganisha malalamiko mawili.

La kwanza ni la bei au ubora: kibandiko kinasema 450, kaunta inatoza 520, au taa zimeungua siku ya pili. Hili lina sheria nyuma yake. Kenya, haki za mtumiaji zimo katika kifungu cha 46 cha Katiba na katika Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Fuata mpangilio huu:

1. Tunza risiti na picha ya kibandiko.
2. Nenda kaunta ya huduma kwa wateja siku hiyohiyo, useme unachotaka: tofauti ya bei, kubadilishiwa, au kurudishiwa pesa.
3. Usiporidhika, muone meneja wa tawi, na uandike jina lake na saa.
4. Ikishindikana, peleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au kwa Tume ya Ushindani, FCC, ukiwa Tanzania. Kasoro za ubora na usalama zinaenda KEBS au TBS.

La pili ni la wakati, nalo halina sheria. Hakuna kinacholilazimisha duka liwe na miavuli mwezi wa Mei. Lakini kuna pengo unaloweza kuliziba: mashine ya kaunta hurekodi kilichouzwa tu, hairekodi kilichoulizwa kikakosekana. Wateja wengi wakiondoka kimya mikono mitupu, ripoti ya mwaka itaonyesha kwamba Mei hakuna aliyetaka mwavuli, na oda ijayo itapangwa hivyo. Ujumbe wa maandishi, kwa barua pepe au ukurasa wa duka, unaingia mahali ambapo maneno ya kinywa hayafiki. Uwe mfupi, utaje bidhaa, tawi na tarehe:

*"Tarehe 14 Mei nilitafuta mwavuli tawi lenu la hapa Mombasa, nikaambiwa imekwisha mpaka Oktoba. Mvua za Mombasa hufikia kilele Mei, si Aprili. Naomba oda ya masika ya matawi ya pwani ibaki rafuni hadi mwisho wa Juni. Nilinunua kwingine."*

Sentensi ya mwisho isikosekane. Hiyo ndiyo inayosomwa na mhasibu. Utume siku uliyokosa, kisha urudie Septemba, kabla oda ya masika yajayo haijafungwa, na uwaombe majirani watatu wanne wafanye hivyo kwa tarehe zao wenyewe.